Ripoti mbaya kwenye faili yako ya jeshi la Marekani: namna ya kuikatia rufaa

Hii naandikia vijana wetu wa Uganda walioko kwenye jeshi la Marekani, wale walienda kwa grinikadi, wengine kwa bahati nasibu ya viza, wengine walimfuata mzazi au mke, alafu wakaingia kambini na saa hii wengine ni masajenti na wengine tayari ni maofisa. Naandikia pia wazazi na ndugu walioko huku, manake mtoto akiandikiwa ripoti mbaya simu ya kwanza anapiga nyumbani, na huku nyumbani tunamwambia vumilia mwanangu, muachie Mungu. Kumuachia Mungu sawa kabisa, lakini hii mambo ina tarehe ya mwisho, na ikipita hata ukiwa na haki yako mkononi inakuwa ngumu sana kuipata.

Mimi nilifanya kazi ya makaratasi ya watu kwenye jeshi hilo hilo, ile ofisi wanaita S1, na sasa nimestaafu niko hapa Bombo. Meseji zinakuja mara kwa mara na zote karibu zinafanana: "mzee, wamenimaliza, bosi ananichukia." Naelewa uchungu huo vizuri sana. Lakini kitu kimoja nataka ukishike kabla hujaandika hata mstari mmoja: bodi inayosikiliza rufaa haitaki kujua kama bosi ni mtu mbaya, inataka kujua kama ile karatasi ina kosa, na kosa hilo linathibitishwa na nini. Watu wengi walioshindwa rufaa walikuwa na haki yao, ila walileta hasira pale ambapo walitakiwa kuleta ushahidi.

Kwanza tuhakikishe tunaongea kitu kimoja. Naongelea jeshi la nchi kavu, ile Army. Kama wewe bado ni Private au Specialist, hauna ripoti ya NCOER, ile ya kuwapima masajenti. Ile karatasi uliyopewa ukaambiwa umekosea ni fomu ya DA 4856, ya kaunselingi, na hiyo si ripoti ya tathmini na njia ya rufaa ninayoeleza hapa haihusu. Nasema hivi sababu vijana wetu wengi wenye digrii wanaingia na cheo cha Specialist, akipata 4856 moja analia usiku mzima anadhani faili imeharibika milele. Ripoti za kweli zinaanzia kwa sajenti: NCOER, ambayo ni fomu za DA 2166-9, na kwa maofisa ni OER, fomu za DA 67-10. Ukienda kozi pia unapata yako, DA 1059, na hiyo nayo inaweza kukatiwa rufaa. Kitabu cha sheria za haya yote kinaitwa AR 623-3, kiko wazi kwenye intaneti, na kuna kingine cha kukisindikiza, DA PAM 623-3. Hakikisha unasoma toleo lililokuwa linatumika wakati ripoti yako inaandikwa, manake hizi kanuni zinabadilishwa, na toleo la leo laweza kuwa tofauti na lile lililowabana wakubwa wako wakati ule.

Watu wanaokupima ni wawili wa muhimu. Kuna reta, huyo ni bosi wako wa karibu anayekuona kila siku, na kuna sinia reta, mkubwa wake, ambaye neno lake ndio lina uzito sana kwenye promosheni. Ripoti ikishakubaliwa inaingia kwenye faili yako ya kudumu, AMHRR, ambayo unaiona mwenyewe kwenye mfumo wa iPERMS. Bodi kuu ya kupandisha vyeo, ile ya vyeo vya juu vya masajenti na ya maofisa, haikuiti ukae mbele yao ujieleze. Wanasoma faili. Wewe ni makaratasi tu kwao, kwa hiyo karatasi moja mbaya inaweza kukukalisha cheo kimoja mpaka ustaafu.

Sasa, kabla ya kulia, soma hiyo ripoti tena pole pole. Kuna ripoti mbaya na kuna ripoti ambayo haikukufurahisha. Sinia reta wa NCOER za Staff Sergeant kwenda juu anaruhusiwa kuwapa alama ya juu kabisa, Most Qualified, watu wasiozidi asilimia 24 ya wale wa cheo hicho anaowapima, na kwa maofisa lazima wabaki chini ya asilimia 50. Kwa hiyo ukipewa Highly Qualified, alama inayofuata, na maneno mazuri, hakuna aliyekudhulumu, nafasi za juu ndio chache. Usikatie rufaa kitu kama hicho, utapoteza nguvu na muda. Ripoti mbaya ni ile iliyoandikwa kwamba hukufikia kiwango, au Not Qualified, au ile inayosema umeondolewa kazini kwa kosa, au yenye sentensi inayogusa tabia yako na uaminifu wako na si kweli.

Alafu hii ya sahihi. Vijana wetu wawili watatu wameniambia "mzee mimi nilishasaini, basi imeisha." Hapana. Sahihi yako kwenye ripoti inaonyesha kwamba umeiona na umehakikisha mambo kama jina, cheo, tarehe, majina ya waliokupima. Haimaanishi unakubali walichokisema. Ndio maana usisaini kwa haraka bila kuangalia zile sehemu za juu, manake hapo ndipo unaposema kwamba tarehe ziko sawa, na baadaye ukija kusema hazikuwa sawa watakuuliza mbona ulisaini. Na ukikataa kusaini haisaidii, ripoti inaenda tu bila sahihi yako.

Hapa niseme kitu kuhusu sisi. Tumelelewa kwamba mkubwa habishiwi. Unapiga magoti unasalimia, mzee akisema imesemwa, na kama ulipitia shule za bweni za huku unajua vile monita tu anaweza kukunyamazisha. Hiyo heshima ni kitu kizuri na usiitupe. Ila kule, kukaa kimya wanakusoma kama umekubali. Kukata rufaa si utovu wa nidhamu, ni njia iliyoandikwa kwenye kanuni zao wenyewe, na kamanda mwenye akili hakuhesabii ubaya kwa kuitumia. Unaweza kuongea kwa heshima yote, ndio sir, ndio ma'am, na bado ukasema hii tarehe si sahihi na naomba irekebishwe.

Kama ripoti haijaingia kwenye faili bado, hapo ndio wakati rahisi kuliko wote. Nenda kwa reta, muombe mkae, muulize kwa utulivu sentensi fulani imetoka wapi. Mara nyingi ni kitu mtu alikopi kutoka ripoti ya mwingine, au alisahau kwamba ulikuwa umetumwa mahali. Kosa linarekebishwa siku hiyo hiyo. Kwa ofisa ambaye ripoti yake ina mambo mabaya, wanatakiwa wamrudishie rasmi kabla haijaenda, na anapewa nafasi ya kuandika maelezo yake yakaambatanishwa. Andika hayo maelezo mafupi, ya ukweli, bila kutukana mtu. Lakini jua kwamba maelezo hayo si rufaa, na si ombi la uchunguzi pia. Watu wanaandika pale kurasa nyingi za uchungu alafu wanakaa miaka wakingoja jibu ambalo halitakuja.

Ukiona kuna kitu kimeenda kombo kabisa, kwa mfano aliyekupima hakuwa na haki ya kukupima, au kanuni zimevunjwa, unaweza kuomba uchunguzi wa kamanda, wanaita Commander's Inquiry. Unamwandikia kamanda aliye juu ya hao waliokupima. Anaangalia kama ripoti ni halali, kama kuna uongo au kosa. Hawezi kuitumia kubishana kuhusu maoni tu, kwamba sinia reta alisema wewe ni wa kawaida na wewe unadhani ni bora. Omba mapema, usingoje, na hata kama matokeo hayakubadilisha ripoti, yale wachunguzi waliyoandika yanaweza kuwa ushahidi mzuri baadaye kwenye rufaa. Na hauhitaji kupitia uchunguzi huu kwanza ndio uruhusiwe kukata rufaa.

Sasa tuseme imeshaingia kwenye faili. Rufaa ziko za aina mbili na lazima ujue yako ni ipi.

Ya kwanza ni ya makosa ya kiofisi. Tarehe si sawa, idadi ya miezi si sawa, cheo si sawa, aliyekupima hajafikisha siku zinazotakiwa. Reta kwa kawaida anatakiwa awe amekusimamia angalau siku 90 na sinia reta siku 60. Kama reta wako alifika kwenye kitengo akakaa wiki sita alafu akakuandikia ripoti ya mwaka, hilo ni kosa la kanuni na halihitaji mashahidi wengi, linahitaji karatasi: oda yake ya kuhamia, oda yako, na ile orodha rasmi ya kitengo inayoonyesha nani anampima nani, inaitwa rating scheme. Hiyo orodha ni dhahabu. Iombe S1, iombe kwa imeili ili ombi lako liwe na tarehe. Hizi rufaa za kiofisi wanazipokea hata ripoti ikiwa ya zamani, ila jinsi miaka inavyopita ndivyo makaratasi yanavyopotea na nafasi yako inapungua.

Ya pili ni ya kiini chenyewe, kwamba kilichosemwa juu yako si kweli, au kiliandikwa kwa chuki, au hakina usawa. Hii ndio wengi wanayo na ndio ngumu. Hii lazima uipeleke ndani ya miaka 3 tangu ile tarehe ya mwisho wa kipindi cha ripoti, inaandikwa THRU pale juu. Hesabu kutoka hapo, si kutoka siku uliyosaini, si kutoka siku bodi ilipokunyima cheo. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia: ripoti ilikuja wakanyamaza, miaka ikaenda, siku promosheni imepita bila jina lake ndio anaanza kutafuta. Ukichelewa unatakiwa uonyeshe sababu kubwa isiyo ya kawaida, na "sikujua" si sababu kubwa kwao.

Na sasa sikia jambo la ndani kabisa la hii kazi. Ripoti ikishaingia kwenye faili, jeshi linaichukulia kuwa ni sahihi, kwamba waliokupima walikuwa wanaostahili, na kwamba waliandika maoni yao ya kweli. Mzigo wa kuonyesha kwamba si hivyo ni wako. Na kiwango ni ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi, ambacho ni kiwango cha juu, si kwamba inawezekana walikosea. Ni kama kesi ya shamba huku kwetu: mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, hasikilizi nani analia zaidi, anauliza nani alikuwepo siku mawe ya mpaka yanawekwa na waje waseme.

Kwa hiyo mashahidi. Shahidi mzuri ni yule aliyekuwa pale, ndani ya kile kipindi, mahali ambapo aliweza kuona kazi yako na kuona wewe na bosi mnavyoishi. Sajenti mwenzako wa platuni, ofisa wa kitengo cha jirani mliyefanya naye kazi, aliyekuwa chini yako, hata aliyekuwa juu ya reta. Aseme yeye ni nani, alikuwa na cheo gani na kazi gani wakati ule, alikuona mara ngapi na wapi, na alishuhudia nini. "Nilikuwepo kwenye ukaguzi wa stoo ya silaha mwezi wa tatu, sajenti huyu ndiye aliyeongoza, hakuna bunduki iliyokosekana, na nilimsikia reta akisema kazi ilikuwa nzuri." Barua kama hiyo moja inashinda barua kumi za watu wanaosema wewe ni mchamungu na unapenda watu. Barua ya pasta wako wa Kampala, barua ya kamanda mpya ambaye amekufahamu baada ya kile kipindi, barua ya mwalimu wako wa sekondari, zote zimetoka moyoni lakini hazisaidii, na zikijaa kwenye faili zinafanya bodi ione kwamba hukupata mtu aliyekuwepo.

Kumtafuta shahidi ni kazi. Watu wanahama kila baada ya miaka michache, wengine wametoka jeshini. Anza siku ile ile ripoti imekuja, andika majina yote ya waliokuwa na wewe, tafuta namba zao, salimia kwanza kama binadamu, uliza watoto, alafu mwambie ukweli: naomba uandike ulichokiona, usiongeze kitu. Usimwandikie barua wewe alafu umwombe asaini tu. Bodi inasoma barua nyingi sana na barua nne zenye maneno yale yale wanazijua mara moja, na zikishaonekana zimetoka mkono mmoja basi hata zile za kweli zinachafuka. Mtumie maswali, si majibu.

Reta au sinia reta akikubali kukuandikia kwamba alikosea, hiyo ni nguvu kubwa, lakini angalia anasema nini. Akisema "nilipata habari fulani baadaye ambayo sikuwa nayo, na hii hapa karatasi yake", vizuri sana. Akisema "kulikuwa na kosa la kuandika, nilitaka kuweka hiki ikawekwa kile", aeleze kosa lilitokeaje. Ila akisema tu "nimefikiria tena naona nilikuwa mkali, sikutaka kumuharibia promosheni", hiyo bodi haiikubali. Kubadilisha mawazo baada ya miaka, hasa baada ya kuona mtu amenyimwa cheo, hakufuti alichokiona wakati ule. Kanuni yenyewe inasema hivyo.

Tuje kwa zile hoja ambazo kila mtu analeta na peke yake hazitoshi. "Hakunifanyia kaunselingi." Ni kweli anatakiwa akukalishe ndani ya siku 30 za mwanzo na alafu kila robo ya mwaka, na kama hakufanya ni vibaya. Lakini kukosa kaunselingi peke yake kwa kawaida hakuondoi ripoti. Iweke kama hoja ya kusindikiza, kwamba hukuwahi kuambiwa kuna shida, na onyesha fomu yako ya sapoti, ile inayoandikwa tarehe za kaunselingi, haina hata tarehe moja. "Ripoti zangu zingine zote ni nzuri." Kila ripoti inasimama peke yake, mwaka jana ulikuwa mzuri na mwaka huu unaweza kuwa mbaya, ndivyo wanavyofikiri. "Hatukupatana." Kutopatana kupo kila mahali. Kama ni chuki kweli, onyesha ilivyoingia kwenye ile karatasi: meseji, imeili, maneno aliyosema mbele ya watu na watu hao waandike. Kama ni lafudhi yako au rangi yako au dini yako ilisemwa, taja siku, mahali, maneno yenyewe, nani alisikia. Nimeona kijana aliandika "he is racist" mara nyingi kwenye memo moja bila mfano hata mmoja, na nilijua alikuwa anasema kweli, lakini hakukuwa na kitu cha kushika.

Hoja ambazo zina meno ni hizi. Kama ripoti imetaja uchunguzi ambao haujakwisha au tuhuma ambazo hazijathibitishwa, kanuni hairuhusu, na kama uchunguzi uliisha ukakuta huna kosa, weka ile ripoti ya mwisho ya uchunguzi juu kabisa ya ushahidi wako. Kama wanasema ulifeli mtihani wa mazoezi na kadi ya matokeo inaonyesha ulipita, au ulikuwa na karatasi ya daktari, weka. Kama wanasema hukuwepo kwenye zoezi na ulikuwa huku Uganda kuzika mzazi, weka karatasi ya likizo iliyoidhinishwa. Hii ya mwisho vijana wetu wanakutana nayo, manake sisi mazishi hatukosi, na kuna bosi anayeona wiki mbili za kusafiri mpaka Mbale ni uvivu. Kila ukija nyumbani hifadhi hiyo karatasi na tiketi.

Kuandika memo, yaani ile barua yako ya rufaa. Iwe fupi. Ukurasa mmoja na nusu, miwili ikizidi. Mstari wa kwanza useme unakatia rufaa ripoti gani, ya kuanzia lini mpaka lini. Wa pili useme ni ya kiofisi au ya kiini au zote mbili. Wa tatu useme unataka nini hasa: ripoti yote itoke, au sentensi hii ifutwe, au alama hii ibadilishwe. Hapa ni muhimu, manake mtu anaandika malalamiko mazuri na hasemi anataka wafanye nini. Na kama kosa ni sentensi moja, usiombe ripoti nzima itolewe kwa sababu tu unaichukia. Alafu unachukua kila kitu kibaya kimoja kimoja: ripoti inasema hivi, ukweli ni huu, ushahidi ni kiambatanisho A. Inasema hivi tena, ukweli ni huu, kiambatanisho B. Usiseme kitu ambacho hakina kiambatanisho. Usimtukane mtu, usiandike kwa herufi kubwa, usiombe huruma kwamba una watoto na unalipia karo za wadogo zako huku nyumbani. Najua ni kweli unalipa. Bodi haina ruhusa ya kuamua kwa huruma.

Kingereza chetu cha Uganda kizuri, ila tunapenda maneno marefu ya heshima, ule utangulizi wa "I humbly beg to submit before your esteemed office". Toa yote hayo. Andika kama unamuelekeza mtu njia.

Msaada wa bure upo: kila kambi kubwa ina ofisi ya msaada wa sheria, wanasheria wa JAG, hawakulipishi. Wapelekee rasimu yako. Kuna watu wa nje wanatoza dola maelfu kwa hii kazi, wengine wazuri, lakini ushahidi hawawezi kukutengenezea, na bila ushahidi hata wakili wa bei gani hasaidii. Ofisi ya Inspekta Jenerali, ile IG, haibadilishi ripoti. Ila kama ripoti mbaya ilikuja baada ya wewe kuripoti uovu kwa IG au kwa mbunge wa Kongresi, hiyo ni kulipiza kisasi na kuna sheria ya kukulinda, na malalamiko yake inafaa uyapeleke ndani ya mwaka mmoja tangu ujue. Kama ni ubaguzi, ofisi ya EO, ile ya usawa, nayo ifahamishwe, na uchunguzi wao ukithibitisha, hiyo karatasi inaingia kwenye rufaa yako.

Rufaa inaenda HRC, makao ya mambo ya watu ya jeshi, Fort Knox, Kentucky. Ya kiofisi inaamuliwa huko. Ya kiini inafikishwa kwa bodi inayoitwa Army Special Review Board. Huitwi kwenda kusimama mbele yao, na kujua mtu kule hakusaidii, naomba hilo liingie kichwani, manake sisi tunapenda kuuliza "hakuna mtu unamjua?" Kaa na kopi ya kila kitu ulichotuma. Itachukua miezi, na bodi za promosheni hazisimami kukungoja, kwa hiyo ukijua bodi yako inakaa mwaka kesho, peleka mwaka huu.

Wakikubali, wanarekebisha au wanatoa ripoti, na kama ulikuwa umeshanyimwa cheo kwa sababu yake, uliza kuhusu kuangaliwa upya na bodi maalum. Wakikataa, unaweza kurudi kama umepata ushahidi mpya, si ule ule kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya hapo kuna ngazi ya juu, ABCMR, bodi ya raia inayorekebisha rekodi za jeshi, kwa fomu ya DD 149. Nayo ina miaka 3 tangu ugundue kosa, ila wanaweza kusamehe ucheleweshaji wakiona haki inadai hivyo. Ukishatoka jeshini kabisa, njia yako ni hiyo ya ABCMR.

Walioko matawi mengine, njia zenu zina majina tofauti: jeshi la anga lina bodi yake inaitwa ERAB, Marine wana PERB, wanamaji wanaanza na maelezo ya kuambatanisha kisha bodi ya BCNR. Mfumo wa ushahidi ni ule ule karibu.

Na maafande wa UPDF, jeshi letu la Uganda, hapa Bombo wananiuliza kama hii inawahusu. Fomu hizi hapana, hizo ni za Marekani. Lakini Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 42, inasema mtu yeyote aliye mbele ya ofisa au chombo cha utawala ana haki ya kutendewa kwa haki na usawa, na anaweza kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliofanywa dhidi yake. Mahakama Kuu inataka maombi ya mapitio ya uamuzi huo ndani ya miezi 3, na kanuni za 2019 zinataka uwe umemaliza kwanza njia za ndani. Kwa hiyo afande, andika malalamiko yako kupitia ngazi zako, yapokelewe kwa tarehe na sahihi, na ukae na kopi.

Wewe uliye kule, fungua iPERMS leo jioni, pakua hiyo ripoti, angalia THRU, hesabu miaka mitatu, alafu nipigie ukiwa na majina ya watu watatu waliokuwepo.